Sura ya Saba: Mafunzo Yasiyoishia Semina

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU humfaa mtu aliyebakwa iwapo ataanza kuzimeza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina siku tano. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda zina ratiba zake. Vidonda havisubiri, wala ushahidi ulioko mwilini. Katika mwongozo wa tiba mambo haya yote hukaa kwenye ukurasa mmoja. Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yametawanyika msituni na mbugani, ng'ambo ya mito, kwenye barabara za udongo ambako lori likikwama wakati wa mvua hulala hapo hapo.

Mji wa Kasongo uko karibu na mto Lualaba. Kutoka hapo hadi Kabambare, upande wa mto Luama, ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki, na msafiri wa kawaida huenda kwa pikipiki, kwa baiskeli au kwa miguu. Ukiendelea mashariki unaingia Fizi, Kivu Kusini. Ukishuka kusini unaingia jimbo la Tanganyika. Wilaya ya Kasongo ina kanda tatu za afya: Kasongo, Kunda na Samba. Ya Kabambare nayo ina tatu: Kabambare, Lusangi na Saramabila, ambayo wengi huiita Salamabila. Kila kanda ina hospitali kuu ya rufaa yenye madaktari, kisha vituo vya afya vya vijijini ambavyo mkuu wake ni muuguzi.

Kwa hiyo mama aliyeshambuliwa akitoka shambani, kijana aliyepigwa na kuporwa kwenye njia ya machimboni, mtoto aliyenajisiwa na jirani, wote huanzia kwa mtu ambaye si daktari, si wakili, si mwanasaikolojia. Huanzia kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji, mkulima kama wao, anayejitolea. Au kwa mama mmoja wa nyumba ya kusikiliza, kama zinavyoitwa nyumba zile ndogo ambamo wanawake wa shirika la mtaani hupokea wenzao. Au kwa muuguzi, ambaye asubuhi hiyo hiyo ana watoto wa malaria mlangoni na mjamzito kitandani. Hao ndio walinzi wa zile saa 72. Sura hii inawahusu wao, na hasa inahusu swali ambalo wafadhili na serikali hulipita haraka: nani hulipa ili watu hawa waijue kazi yao, na nani huendelea kulipa ili wasiisahau?

Kazi yenyewe ni ya aina gani, mtu huiona vizuri zaidi pale inapoharibika. Mgonjwa amefika, amekaa kwenye benchi mbele ya watu, na muuguzi ambaye hakufundishwa anauliza kwa sauti ya kawaida, "Ulikuwa unaenda wapi peke yako saa zile?" Hana nia mbaya. Ndivyo angemuuliza dada yake. Lakini swali hilo limekwisha kuhukumu, na mama yule ataondoka na karatasi ya dawa za maumivu bila kusema lililomleta. Aliyefundishwa humwingiza chumbani, hufunga mlango, hukaa usawa wake, husema, "Pole, mama. Hapa uko salama. Hukufanya kosa," kisha hunyamaza na kungoja. Humweleza kila kipimo kabla hajamgusa, na akikataa, hamlazimishi. Huandika anachokiona na maneno aliyoambiwa, na hukumu humwachia hakimu. Hajui tu kutoa dawa. Anajua pia lini ampeleke hospitali, kwa nani, na nini asimwambie mume wake wala chifu bila idhini yake.

Haya hayaji kwa huruma peke yake. Kasongo na Kabambare zina huruma ya kutosha: wana ukoo, majirani, masheikh wa dini iliyofika hapo kabla ya dola ya kikoloni, mapadre na masista wa jimbo la Kanisa la Kasongo. Huruma isiyofundishwa imewahi kumwoza binti kwa aliyembaka ili kufunika aibu, au kupokea mbuzi wawili na kuita jambo limekwisha.

Sheria ya Kongo inajua kwamba ujuzi unahitajika. Tarehe 20 Julai 2006 zilitiwa saini sheria mbili, namba 06/018 na 06/019, zilizobadili kanuni za adhabu na za mashtaka kuhusu ukatili wa kingono. Ya pili inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Inamwamuru pia mwendesha mashtaka au hakimu aite daktari na mwanasaikolojia ili wapime hali ya aliyedhurika na athari alizopata. Daktari na mwanasaikolojia! Aliyewahi kufika kituo cha afya cha kijijini huko Lusangi anajua umbali uliopo kati ya sentensi hiyo na muuguzi mwenye daftari na kalamu. Sheria ilitungwa ikisema nani atafanya kazi. Haikusema nani atawasomesha.

Na mahitaji hayajapungua. Kabambare ni wilaya ya dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulikuwa wa kampuni ya Banro kutoka Kanada. Wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye vilima walivyovizoea, na malalamiko yao yakapata bunduki. Kundi la Mai-Mai Malaika liliota mizizi hapo, likidai kazi na haki za wenyeji huku raia wakilipa gharama. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa mwaka 2017 na tena 2019, na mwezi Septemba 2019 kampuni ikasimamisha shughuli. Jeshi, waasi, wachimbaji, wachuuzi: palipo na mchanganyiko huo, wanawake na wasichana huandamwa. Madaktari Wasio na Mipaka walifika Salamabila kwa ajili ya majeruhi na wagonjwa, na wakajikuta wakiwatibu manusura wengi wa ubakaji. Si wote walioshambuliwa na wenye silaha. Majirani, waume, ndugu na walimu nao wamo, na anayewahudumia manusura lazima afundishwe kumpokea na huyu ambaye mtesaji wake anakula naye sahani moja.

*

Hapa ndipo inapofaa kurudi nyuma zaidi ya miaka hamsini, kwa kuwa Kasongo ina jambo ambalo miji mingi mikubwa haina. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza pamoja na serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kazi ambayo wataalamu wa afya duniani waliijua kwa jina la Mradi wa Kasongo. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: wilaya ya mbali, yenye madaktari wachache na pesa kidogo, inawezaje kutibu watu wake vizuri? Jibu la wakati ule lilikuwa hospitali kubwa zaidi. Timu ya Kasongo, iliyoongozwa na mawazo ya Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, ilifuata njia nyingine. Ilifungua vituo vya afya kimoja baada ya kingine, ikawakabidhi wauguzi, ikawapa maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua: ukiona hivi, fanya hivi, ukishindwa, mpeleke hospitali. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, haikuwaacha. Msimamizi alikwenda kituoni, akakaa na muuguzi, wakafungua daftari, wakazungumza juu ya wagonjwa waliowachanganya.

Matokeo yalisomwa mbali. Mwaka 1981 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti wa timu hiyo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Muundo wa kanda ya afya ambao Kongo nzima inautumia leo, hospitali moja ya rufaa ikizungukwa na vituo vinavyoongozwa na wauguzi, una deni kwa kazi iliyofanyika hapo. Anayesema watu wa kusini mwa Maniema hawawezi kufundishwa kazi nyeti bila daktari kusimama mgongoni mwao hana budi kwanza aijibu historia ya Kasongo yenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa karibu zaidi, kwa mahali na kwa wakati. Mwaka 2013 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Kivu Kusini na Kivu Kaskazini na watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Washington pamoja na shirika la misaada la IRC. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, wote wakiwa na dalili nzito za msongo na huzuni, waligawanywa kufuata vijiji vyao. Kundi moja lilipata msaada wa mtu mmoja mmoja, ule wa kawaida wa kusikilizwa na kushauriwa. Jingine lilipata tiba ya mazungumzo yenye mpangilio, inayoitwa tiba ya kuchakata fikra: kikao kimoja cha mtu binafsi na vikao kumi na kimoja vya kikundi. Kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma, mazoezi ya kuandika yalibadilishwa yakawa ya kukariri.

Waliotoa huduma katika makundi yote mawili walikuwa watu wa aina moja: wanawake wa Kikongo, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale ambao huko wanaitwa kwa herufi za Kifaransa APS. Hawakuwa na shahada. Walikuwa wamesoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, na walikuwa na uzoefu wa kusaidia manusura. Tofauti kati yao ilikuwa mafunzo ya ziada ya wiki mbili, na usimamizi wa karibu uliofuata: wasimamizi wa Kikongo, na juu yao wataalamu waliokuwa wakizungumza nao mara kwa mara kutoka Marekani.

Miezi sita baada ya tiba, katika kundi la tiba ya kikundi ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za kutosha kusemwa wana sonona au wasiwasi mkubwa. Katika kundi la msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42. Watafiti waliporudi baada ya miaka zaidi ya sita walikuta nafuu haijafutika.

Tarakimu hizi mbili zingebandikwa kwenye kila ofisi inayogawa pesa za kusaidia waathirika. Nyumba ni ile ile, mkeka ni ule ule, mwanamke anayesikiliza ametoka kijiji kile kile. Kilichonunuliwa kwa pesa ni ujuzi na mtu wa kuulinda ujuzi huo. Ni vigumu kupata kitu kingine chochote katika misaada ya mashariki mwa Kongo kilichonunua nafuu kubwa namna hiyo, na bado ni mstari huu wa mafunzo unaokatwa kwanza bajeti inapobana.

*

Kwa nini ukatwe? Kwa sababu haupigwi picha. Gari la wagonjwa lina nembo ubavuni. Jengo lina bango na utepe wa kukata. Sanduku la dawa huhesabika. Semina nayo huhesabika: siku tano, watu thelathini, orodha ya sahihi, posho, soda, hati ya mafunzo, picha ya pamoja. Ripoti itasema "wahudumu 30 wamejengewa uwezo" na mfadhili atatosheka. Mwaka mmoja baadaye muuguzi mmoja amehamishiwa kanda nyingine, wa pili ameacha kazi kwenda kuchimba dhahabu kwa kuwa mshahara wa serikali haufiki, wa tatu hajampata mgonjwa wa namna ile kwa miezi kadhaa na sasa haoni haya kukiri kwamba amesahau dozi za watoto. Hakuna aliyerudi kumtazama. Mradi umekwisha, mwingine utaanza, nao utaanza kwa semina.

Kuna na mambo madogo yenye madhara makubwa. Vitini vya mafunzo huja kwa Kifaransa cha ofisini, huku kazi ikifanyika kwa Kiswahili cha Maniema, na kwa wazee mara nyingi kwa Kibangubangu. Mama wa nyumba ya kusikiliza ambaye ana kipaji cha kazi hiyo kuliko wote huachwa nje ya ukumbi kwa sababu hana cheti cha shule. Mafunzo hufanyika mjini, na mwenye mtoto mchanga au shamba la kuvuna hawezi kwenda. Kila moja ya kasoro hizi ina bei yake, na bei yenyewe ni ndogo: mtafsiri mzuri, siku mbili za zoezi la kuigiza kituoni badala ya ukumbini, mlezi wa mtoto.

Gharama isiyoandikwa kabisa ni ya msaidizi mwenyewe. Mtu anayesikiliza visa vya ubakaji na mauaji wiki baada ya wiki huanza kuota ndoto ambazo si zake. Hukosa usingizi, hukasirikia watoto, au hujikausha moyo mpaka anawasikiliza watu kama anayejaza fomu. Naye ameishi vita hivyo hivyo. Wengine wao ni manusura. Wenye taaluma hii duniani huweka kikao cha msaidizi na msimamizi wake kuwa sehemu ya kazi: anapokwenda kuutua mzigo, kupumzishwa, kurekebishwa. Kwenye bajeti za miradi mingi kikao hicho, kama kipo, kimepachikwa chini ya "mikutano".

Na kwamba mafunzo huzaa matunda hadi mahakamani, jambo hilo limeonekana mara kadhaa mashariki mwa Kongo. Mwezi Februari 2011, huko Baraka katika wilaya ya Fizi, jirani wa Kabambare, mahakama ya kijeshi ya kuzunguka ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 jela kwa makosa dhidi ya ubinadamu, kufuatia ubakaji wa halaiki uliofanywa na askari wake mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanawake walitoa ushahidi mbele ya afisa wa jeshi, jambo ambalo wengi hawakuamini kama lingewezekana. Desemba 2017, Kivu Kusini, Frédéric Batumike, aliyekuwa mbunge wa jimbo, na wanamgambo wenzake kumi walipewa kifungo cha maisha kwa kubaka watoto wa kike wa Kavumu, baadhi wakiwa wachanga. Watoto hawakulazimika kusimama mbele ya watesaji wao: madaktari wa hospitali ya Panzi walikuwa wamekusanya ushahidi wa kitabibu, na mahojiano yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video. Shirika la Physicians for Human Rights lilikuwa limeanza tangu 2011 kuwafundisha pamoja, katika chumba kimoja, madaktari, wauguzi, polisi, wanasheria na mahakimu wa Kongo na Kenya. Polisi akajifunza kwa nini daktari haandiki "amebakwa" bali anaandika alichokiona. Daktari akajifunza kwa nini tarehe iliyokosewa huiangusha kesi nzima.

Kati ya Baraka na Kabambare ni mwendo wa barabara mbovu na milima. Hakuna sababu ya kisheria kwa nini kesi za namna ile zisifike upande wa huku. Zinahitaji kwanza cheti cha daktari kinachosomeka na manusura ambaye hakuvunjwa moyo siku ya kwanza.

*

Pesa zenyewe, pamoja na ujuzi, zimekuwa zikitoka mbali. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na HEAL Africa ya Goma ndizo zilizokuwa vyuo vikuu vya kazi hii kwa mashariki yote. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 107 kwa mradi wa dharura wa Maziwa Makuu dhidi ya ukatili wa kingono, ukizihusisha Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2018, mwaka ambao Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, Benki hiyo ikatoa dola nyingine milioni 100 kwa Kongo peke yake, katika majimbo manne: Kivu mbili, Tanganyika na Maniema. Marekani kupitia USAID nayo ilikuwa na miradi yake. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, takriban asilimia 70 ya pesa zote za misaada ya kibinadamu zilizoingia Kongo mwaka 2024 zilitoka Marekani.

Kisha ukaja mwezi mmoja uliobomoa pande mbili kwa pamoja. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Julai mosi ya mwaka huo USAID ilifungwa rasmi. Kati ya hapo, wiki moja tu baada ya amri ile, Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mkufunzi na mfadhili wakawa hawafikiki kwa wakati mmoja. Maniema, jimbo ambalo ujuzi wake wote unategemea mji mwingine na hazina ya bara jingine liliona jinsi utegemezi huo ulivyo hatari.

Lakini Kongo ina mfuko wake, na hili linastahili kusemwa kwa sauti. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 iliweka haki za waathirika wa ukatili wa kingono unaohusiana na vita na wa makosa dhidi ya amani na usalama wa binadamu, ikaunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV. Chanzo chake kikuu ni asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Kwa mara ya kwanza shaba na kobalti ya kusini, ambayo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya mrabaha wa nchi, ina fungu lililotajwa kisheria kwa ajili ya aliyedhurika.

Wamarekani, ambao hawakuwa na vita nyumbani, walifikia wazo la kufanana na hilo mwaka 1984. Mfuko wao wa waathirika wa uhalifu haujazwi na kodi ya raia. Unajazwa na faini wanazotozwa wahalifu katika mahakama za shirikisho. Sehemu yake huenda kwenye fidia, sehemu kwenye mashirika yanayohudumia, na sehemu imewekwa makusudi kwa mafunzo ya wahudumu wenyewe, na imewahi hata kumlipia mtu mmoja wa shirika dogo nauli na ada ya kozi. Mfuko huo umewahi kupungua faini zilipopungua, na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa ili kuuongezea vyanzo. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, iliunda mfuko wake. Fundisho la Marekani kwa Kinshasa liko katika ule mgawanyo wa tatu. Mahali ambapo mafunzo hayakutengewa fungu lao, fidia huyameza, maana aliyeumizwa yupo mlangoni na anadai haki yake, ilhali muuguzi wa Samba hatakwenda Kinshasa kudai kozi.

Nini hasa kingelipwa Kasongo na Kabambare? Kwanza, msimamizi wa kisaikolojia kwa kila kanda ya afya kati ya zile sita, mwenye mshahara, pikipiki na mafuta, ambaye kila mwezi anafika vituoni na kukaa na wahudumu, kama ilivyofanywa miaka ya sabini. Watu sita. Kwa mradi wa mamilioni ya dola hiyo ni gharama ya warsha chache. Pili, somo la huduma kwa waathirika liingizwe katika shule za uuguzi za jimbo, ili kijana afike kituoni akiwa tayari analijua, na kuhamishwa kwa mmoja kusiwe msiba wa kituo kizima. Tatu, mafunzo ya pamoja ya polisi wa ulinzi wa mtoto na mwanamke, waendesha mashtaka na wauguzi, yafanyike Kasongo yenyewe. Bukavu si lazima. Nne, posho ya kudumu kwa akina mama wa nyumba za kusikiliza, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipewa shukrani. Mtu anayeitwa usiku kumsindikiza jirani hospitalini anastahili kulipwa kama anavyolipwa dereva aliyewabeba.

Dhahabu ya Namoya ingeweza kuchangia sehemu yake bila kungoja Kinshasa. Kanuni za madini zilizorekebishwa Machi 2018 zinagawa mrabaha: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zinamtaka pia mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayomzunguka, na jamii hiyo ina haki ya kusema pesa ziende wapi. Katika mikutano ya namna hiyo watu huomba barabara, shule, zahanati, visima, na wana haki kuviomba. Wazee na wanaume ndio husikika zaidi. Wanawake wa Salamabila wakipewa viti na sauti mezani, mshahara wa msimamizi wa kanda yao unaweza kuandikwa katika mapatano hayo, kwa jina la kazi na kiasi chake, kwa kila mwaka ambao mgodi utachimbwa.

Tatizo ni kwamba dhahabu nyingi ya mashariki mwa Kongo huchimbwa kwa mikono na kuvushwa mipaka kwa magendo, kama ambavyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara katika ripoti zao. Dhahabu isiyopita kwenye daftari la serikali haitoi mrabaha, wala haitoi ile asilimia 11. Vita vya kuirasimisha ni virefu. Ndiyo maana FONAREV, ambayo tayari inapokea pesa za migodi mikubwa ya Lualaba na Haut-Katanga, ndiyo inayopaswa kuanza, na kuanza na watu sita wa kanda sita. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo, kwani kumhudumia mwathirika kwa tiba ya mwili na ya akili kumo ndani ya sheria ya 2022, na huduma hiyo hutolewa na mtu, na mtu huyo lazima afundishwe, asimamiwe na alipwe mwezi hadi mwezi, mwaka huu na mwaka ujao.